Wa Kumi na Moja

Katika saluni ya Linwood Satterfield, Barabara ya Germantown, Filadelfia ya kaskazini, mtu haulizwi anataka kunyolewa mtindo gani mpaka kwanza aulizwe nani mkubwa kati ya Joe Louis na Muhammad Ali. Jibu lake ndilo linaloamua Linwood ataishika mashine kwa upole kiasi gani. Linwood ni mtu wa Louis. Anayesema Ali hunyolewa vilevile, ila hunyolewa kimyakimya, na masikio yake huwa hatarini.

Kila Jumamosi wanaume wa mtaa walikaa kwenye viti vilivyoegemezwa ukutani na kuwapanga mabondia kumi wakubwa wa uzito wa juu tangu dunia iumbwe. Kazi hiyo ilikuwa imewachukua zaidi ya miaka ishirini kufikia majira ya kuchipua ya 1995, na haikuonyesha dalili ya kwisha. Wawili wa juu hawakubanduka, walibadilishana viti tu. Marciano aliingizwa kwa shingo upande, kwa kuwa hakuwahi kupigwa hata mara moja, jambo ambalo Shemasi Purnell alilieleza kuwa ni kukosa uzoefu. Foreman, aliyekuwa ameurudisha mkanda mwaka uliopita akiwa na miaka arobaini na mitano, alipandishwa ngazi mbili kwa kura za wazee wote wenye magoti mabovu. Tyson alikuwa ametoka gerezani majuzi tu, naye aliwekwa kando kama kiporo, apashwe moto baadaye.

Hao kumi walikuwa wa dunia. Wa kumi na moja alikuwa wa mtaa.

Nafasi hiyo aliiweka Linwood mwenyewe mwaka aliofungua saluni. Sharti lake lilikuwa kwamba mtu awe bondia wa uzito wa juu aliyetoka mitaa ile, awe hakuwahi kushika mkanda wa dunia, na aweze kuingia kwa mlango ule kwa miguu yake mwenyewe. Hakupewa hela wala cheti. Alipewa kiti. Akitokea siku ya Jumamosi, hata saluni ijae mpaka nje, hata mchungaji awe amesubiri tangu asubuhi, wa kumi na moja alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha kwanza, kile cha ngozi nyekundu kilicho karibu na dirisha, na Linwood akamfunga kitambaa shingoni kabla hajasema lolote.

Tangu siku ya kwanza, wa kumi na moja alikuwa Cleophus Gaddy.

Na tangu siku ya kwanza Thaddeus Mabry hakulala vizuri Ijumaa.

Mabry alikuwa dereva wa basi la namba 23, linalopita mbele ya saluni ileile, kwa hiyo alikiona kile kiti kupitia dirishani kila alipokwenda na kila aliporudi. Kabla ya basi alikuwa bondia, tena si wa kubahatisha. Mwaka 1969, katika ukumbi mmoja wa Mtaa wa Broad, yeye na Gaddy walipigana raundi kumi. Mpaka zinakwisha, mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshavua viatu na kuvitupa ulingoni. Waamuzi wawili walimpa Gaddy ushindi, mmoja alimpa Mabry. Kiangazi kilichofuata jarida moja la ndondi lilimweka Gaddy wa tisa duniani. Mabry alikwenda kusomea leseni ya kuendesha magari makubwa.

Ingekuwa rahisi kama Gaddy angekuwa mtu mbaya. Mabry alimtafutia ubaya kwa miaka mingi, kwa bidii ambayo wengine huiweka katika kutafuta mafuta ya petroli, asiupate. Gaddy alicheka na kila mtu. Gaddy alizika watu asiowajua. Watoto wawili wa mtaa walipewa jina la Cleophus, jina ambalo, kwa haki kabisa, halikumfaa hata yeye. Na mwaka 1971, wakiwa mezani, Verdell, mke wa Mabry, alisema bila kufikiri kwamba Gaddy ana sauti nzuri. Verdell alisahau kabla sahani hazijaoshwa. Mabry hakusahau. Roho ya kwa nini ilikuwa imempanga chumba kifuani, na ilikuwa mpangaji mtulivu asiyehama.

Kisha Gaddy aliharibika macho, akaenda kukaa na binti yake Rochelle huko Wilmington, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na saluni ikaanza kumkosa. Kiti chekundu kikabaki kitupu Jumamosi hadi Jumamosi. Watu walikuwa wanasubiri zamu huku kiti kipo, wakikipita kwa heshima kama jeneza.

Mabry alivumilia majira yote ya baridi. Mwezi Machi alivuta pumzi akasema:

"Linwood, nikuulize kitu cha sheria."

"Uliza."

"Bingwa akikaa bila kuutetea mkanda, anafanywaje?"

"Ananyang'anywa."

"Basi hicho kiti pale hakijatetewa tangu tulipokula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, Novemba."

Hosea Tull, fundi bomba, aliyekuwa amelazwa kitini, povu la sabuni limempanda mpaka machoni, alijiinua.

"Ala! Kumbe Mabry anakitaka kiti! Jamani, Mabry ana nywele ngapi?"

"Tatu," alisema Shemasi Purnell. "Mbili ziko puani."

"Mimi nauliza sheria," alisema Mabry.

"Atanyolewa nini huyu? Atapigwa kitambaa kama meza!"

"Nina ndevu," alisema Mabry, na kweli alikuwa nazo, alikuwa amezifuga tangu Krismasi kwa matayarisho.

Walicheka mpaka mtu akakohoa. Lakini Linwood hakucheka. Linwood aliheshimu sheria kwa namna ambayo huheshimiwa na watu waliojitungia wenyewe. Alizima mashine, akafikiri, akatoa hukumu. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, siku ambayo kila mwanaume wa Filadelfia ya kaskazini hunyolewa ili asiaibike kanisani, Gaddy awe ameingia kwa mlango ule kabla ya saa sita mchana. Asipoingia, wa kumi na moja ni Mabry.

"Nitampigia binti yake mwenyewe," alisema Linwood. "Asije akasema hakuambiwa."

Mabry alirudi nyumbani akipiga mluzi, jambo lililomfanya Verdell amwekee mkono kwenye paji la uso kuona kama ana homa.

Ijumaa Kuu simu ililia. Mabry aliipokea jikoni, mdomoni ana kipande cha mkate wa mahindi.

"Shikamoo, Mzee Mabry. Ni Rochelle, binti wa Gaddy."

Mabry aliumeza mkate mzima mzima. "Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo, ni macho tu. Mzee wangu, nina shida. Kesho niko zamu hospitali toka alfajiri, na baba anasema lazima aje huko kwa kinyozi. Nimemwambia tutapata mtu. Anasema, 'Mpigie Mabry. Mabry atakuja.'"

"Kasema hivyo?"

"Hata hakufikiri. Kasema Mabry ni mtu wa kutegemewa."

Mabry alitazama ukuta. Katika maneno yote ambayo mtu angeweza kumwambia, hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Unajua, mwanangu, hili gari langu..."

"Gari lina nini?" aliuliza Verdell kutoka kwenye sinki, kwa sauti ambayo Wilmington iliisikia bila simu.

"Gari ni zima," alisema Mabry. "Nitakuja."

Usiseme alikwenda kwa wema. Mabry alilala akilipima jambo, na kufika asubuhi lilikuwa limeshageuka faida. Hajamwona Gaddy tangu mwaka jana. Mtu asiyeona atakuwa amekwisha, atakuwa amenyauka, koti linamning'inia, mkono unatetemeka. Aingie hivyo saluni, ameshikwa mkono na Mabry mwenye afya yake, na watu wajionee. Ushindi wa namna hiyo haubishaniwi na waamuzi.

Gaddy alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa amevaa suti ya kijivu yenye mkunjo mkali kama kisu. Mabega yalikuwa yaleyale. Nywele zilikuwa nyeupe zote na zilikuwa nyingi, nyingi kupita kiasi, zimesimama kichwani kama pamba siku ya mavuno.

"Thad," alisema, akamkumbatia moja kwa moja bila kupapasa. "Umenenepa."

"Umejuaje, na huoni?"

"Mikono haijakutana nyuma."

Jicho moja lilikuwa limezimika na la pili liliona kama mtu aonavyo kupitia pazia la bafuni. Mengine yote yalikuwa mahali pake. Mabry alimfungia mkanda wa gari akihisi ametapeliwa.

Njiani Gaddy alizungumza. Alizungumza kwa ile sauti. Alianza kuwapanga, si wale kumi wa saluni, bali watu waliompiga yeye, kuanzia aliyempiga sana.

"Wa kwanza ni yule wa Baltimore, mkono wa kushoto. Alinipiga ubavuni nikasikia ladha ya shaba mpaka Jumatano. Wa pili, yule Mkyuba. Huyo alikuwa anapiga na anaomba radhi. Wa tatu ni Tillery."

"Tillery gani?"

"Yule aliyekuwa anaendesha lori la mikate."

"Tillery?" Mabry aligeuka, gari likagusa mstari. "Tillery nilimwangusha mimi! Raundi ya pili!"

"Labda alikuwa ametoka kazini. Mimi alinipata siku ya mapumziko."

Gaddy aliendelea. Wa nne, mtu wa Newark. Wa tano, mwanajeshi mmoja aliyemvunja pua, ambaye hata jina hakulikumbuka. Mabry alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa amemchukia mtu huyu robo ya karne kwa kukaa juu yake, na hakuwahi kuota kwamba ataketi kwenye gari lake mwenyewe akimwonea wivu mwanajeshi asiye na jina kwa kumvunja Gaddy pua.

"Na mimi je?" aliuliza hatimaye, akijifanya anatazama kioo.

"Wewe?" Gaddy alifikiri kwa uaminifu. "Wewe hukunipiga sana, Thad."

"Raundi kumi!"

"Ndiyo. Ulinichosha. Ulikuwa kama mtu aliyehamia nyumbani kwangu na vyombo vyake. Kila nikigeuka, upo."

Njia ya kwenda Germantown ilikuwa mbele, ubao wake mkubwa, kijani, unasomeka na kila mwenye macho. Mabry alikuwa na macho. Saa ya gari ilionyesha saa tano na dakika chache. Aliutazama ubao ule ukija, akautazama ukipita, akaendelea mbele, akatoka barabara kuu kwenye njia ya kutokea ya mbali zaidi, akavuka daraja, akageuza, akarudi alikotoka, akageuza tena. Hakuwa amepanga. Mkono ulifanya wenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya zamani ulingoni, ambako pia ulimchelewesha zaidi ya kumsaidia.

Pua ya Gaddy ikasogea.

"Thad."

"Naam."

"Hiki kiwanda cha mafuta tumeshakipita."

Harufu ya kile kiwanda ilikuwa nzito, ya mayai yaliyooza na lami, na haifanani na kitu kingine chochote upande ule wa mto. Mtu anaweza kudanganywa kuhusu ubao. Pua ya mtu aliyezaliwa Filadelfia haidanganywi.

"Kuna ujenzi," alisema Mabry.

"Aha," alisema Gaddy. "Ujenzi." Akaegemea kiti, akafumba lile jicho lililobaki, akaanza kuimba taratibu wimbo wa kanisa, na alikuwa bado anauimba walipokipita kiwanda mara ya tatu.

Saluni ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Watoto walioshikwa mashati, baba zao wenye viatu vipya mikononi, harufu ya mafuta ya nywele na nyama ya kukaanga kutoka duka la pili. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na robo. Linwood alikuwa ameshatoa tangazo, watu walikuwa wameshapiga makofi, na kiti chekundu kilikuwa kimefutwa vumbi na kugeuzwa mlangoni kumngoja mwenyewe. Kwa hiyo Mabry alipoingia alikuwa wa kumi na moja kamili kisheria, na mlipuko wa furaha uliotokea ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliinua mkono kuupokea.

Haukuwa wake. Ulimpita pande zote mbili na kumwangukia Gaddy nyuma yake.

"Cleo! Cleo Gaddy!"

"Mpisheni mzee! Mpisheni!"

"Tazama hizo nywele! Linwood, hapo utahitaji mundu!"

"Mmechelewa nini, nyie?" alifoka Hosea Tull. "Saa sita imepita! Kiti kimeshakwenda!"

Mabry alihisi shati limemganda mgongoni. Gaddy aligeuza uso kuelekea sauti.

"Barabara ilikuwa ndefu," alisema. "Nimechelewa, nimechelewa. Linwood, ulisema saa sita?"

"Nilisema, kaka. Inaniuma, lakini nilisema."

"Basi sheria ni sheria. Nani kapewa?"

"Mabry."

"Vizuri. Mkalisheni."

Wakamkalisha. Ngozi ya kiti ilikuwa ya baridi na ilikuwa imebonyea kwa umbo la mtu mwingine. Linwood alimfunga kitambaa, akazitazama ndevu zake kwa huruma ya kitaalamu, akachukua mkasi. Hapo ndipo Mabry alipotambua kwamba kutoka kwenye kiti kile, kikiwa kimegeuzwa kuelekea kioo, wa kumi na moja hawaoni watu. Anajiona yeye tu. Watu walikuwa nyuma yake, wamemzunguka Gaddy, wakimpa kahawa, wakimpa watoto awaguse vichwa, na Gaddy alikuwa anawahadithia Tillery na lori lake la mikate, na walikuwa wanakufa kwa kucheka.

Mabry alikuwa na kiti. Kiti kilikuwa ndicho alichotaka. Alikaa ndani yake akiwaka kama jiko.

"Mwulizeni!" alipaza sauti ghafla, na mkasi ukakata ndevu ambazo haukukusudia. "Mwulizeni sitini na tisa nani alishinda!"

Kicheko kilikatika. Shemasi Purnell alisema, "Thad, ndugu yangu, usiku ule umekwisha."

"Mwulizeni tu. Yupo. Ana mdomo."

Gaddy aliweka kikombe chini, akakikosa kidogo ukingo wa meza, mtu akakidaka.

"Mabry," alisema.

"Naam?" alisema Mabry.

"Sikuiti. Najibu. Alishinda Mabry. Kuanzia raundi ya saba mimi nilikuwa naona waamuzi sita. Nimewahi kumwambia Rochelle mara nyingi. Mpigieni simu."

Mabry alimtazama kupitia kioo. Alijaribu kwa nguvu zake zote kujua kama aliyosema ni kweli au ni sadaka, na uso ule mkubwa uliotulia haukumpa kitu. Kama ni kweli, ilimchukua Gaddy neno moja kuurudisha usiku ambao yeye ameubeba miaka yote. Kama ni sadaka, ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilionyesha kwamba mtu anaweza kugawa ushindi wake mbele ya saluni nzima na asipungue hata kilo.

Hakupungua. Shemasi Purnell alisimama, macho yamelowa.

"Jamani! Mwanaume gani anasema neno kama hilo hadharani? Louis angesema? Ali angesema?"

"Ali asingesema," alikubali Linwood haraka.

"Basi mimi nasema huyu si wa kumi na moja. Huyu ni wa kumi!"

Hoja ilipita kwa kelele. Marciano aliondolewa bila kusikilizwa. Mabry alijaribu kugeuza kiti, mguu haukufika chini.

"Linwood! Kumi ni wa dunia! Gaddy hakushika mkanda!"

"Sharti la mkanda ni la kumi na moja," alisema Linwood. "Kumi hawana sharti. Kumi ni mapenzi."

"Basi na yeye atetee! Kama mimi nitatetea hiki kwa kuja kila Jumamosi, na yeye aje kila Jumamosi. Asipokuja, anashuka, na wa chini yake anapanda."

Linwood alikuna kidevu kwa mkasi. Hoja ilikuwa safi. Bishano la maisha yake yote Mabry alikuwa amelijenga hapo, na halikuwa na ufa.

"Nakubali," alisema Linwood. "Wa kumi atatetea kila Jumamosi kabla ya saa sita. Cleo, unakubali?"

"Nakubali," alisema Gaddy. "Lakini mimi sioni. Nani atanileta?"

Saluni ilimgeukia Mabry yote kwa pamoja, kama abiria wanapoona basi.

Wiki nzima Verdell alimsikia akijisemea bafuni. Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, alimkuta mlangoni ana ufunguo wa gari mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Wilmington."

Verdell aliegemea ukuta na gauni lake la kulalia, akamtazama mumewe kwa muda.

"Thaddeus, hebu nielewe. Usipokwenda, yule hana wa kumleta. Asipokuja, anashuka. Akishuka, wa kumi ni wewe. Wewe na Joe Louis kwenye orodha moja. Si ukae tu hapa unywe kahawa?"

"Najua."

"Sasa?"

Mabry alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Kiti kimoja nimeshakipata kwa sababu ya saa ya ukutani," alisema. "Hakikai vizuri. Huyu mtu nataka ashuke yupo, ananisikia. Nina hoja nane. Ya Tillery peke yake inatosha."

"Na akikushinda tena?"

"Basi nitamleta Jumamosi nyingine."

Akatoka. Verdell alikuwa ameshawasha jiko alipomsikia anarudi ngazini kwa hatua nzito, akapita bila neno hadi chumbani, akavua lile koti la kazi, akavaa suti yake ya Pasaka, kwa kuwa alijua mwenzake atakuwa amevaa yake.